Vigelegele Kwenye Mwinuko wa Karatina

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa jambo moja tu, na nilifundishwa kwa kofi la kisogoni. Treni ya abiria ilikuwa ndiyo kwanza imetoka Sagana kuelekea Nanyuki. Mimi, Ireri wa Kibugu, nikiwa na yunifomu iliyonipwaya mabegani, nilitoa kichwa mlangoni mwa behewa la mwisho ili niutazame mlima. Kofi likatua.

"Wewe nalipwa kutazama mlima?" Gadi Mkuu aliuliza. Alikuwa Mgoa mfupi, Mhindi wa Goa, aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. "Mlima iko kesho, iko kesho kutwa. Tazama gurudumu!"

Nikatazama magurudumu. Lakini nawaambia ukweli, kwa jicho la pembeni niliuona mlima wote, na theluji yake ilikuwa nyeupe kuliko lile shati.

Vijana wa leo wakisikia habari za treni hudhani mwenye treni ni dereva. Si kweli. Mwenye treni ni gadi. Dereva haondoki kituoni mpaka gadi apulize filimbi na kuinua bendera ya kijani, hata awe amekasirika vipi huko mbele na moshi wake. Mimi nilianza chini ya gadi, kama msaidizi wake. Wenzangu stesheni waliniita Breki, kwa sababu kazi yangu kubwa ilikuwa usukani wa chuma uliosimama katikati ya behewa letu, ambao ukiuzungusha unayabana magurudumu kwa nguvu za mikono yako mwenyewe. Nilikuwa na mikono. Nyumbani Kibugu nilikuwa nikipasua magogo tangu nikiwa mdogo, na hilo ndilo lililonipatia kazi, si cheti.

Njia yetu ilikuwa ya mlimani hasa. Sagana iko chini, kwenye joto na mito. Ukitoka hapo reli inaanza kupanda, inajikunja kushoto na kulia kutafuta mahali pa kupita, inavuka mabonde kwenye madaraja ya chuma, na kila kona unaona mashamba yamelala chini yako kwenye miteremko. Ukifika Karatina baridi inaingia shingoni. Baada ya Kiganjo unaanza kuona mierezi, na kuanzia Naro Moru mlima unakaa mkono wa kulia kiasi kwamba unahisi ungeweza kuugusa. Abiria wa daraja la kwanza walilipa nauli kwa ajili ya jambo hilo tu. Walikuja na kamera na mablanketi, wakanywa chai huku wakiitana kwenye madirisha.

Mkaguzi wa Breki, mzee wa Kizungu mwenye masikio makubwa, aliwahi kusafiri kwa reli za milima ya Alpi huko Uswisi, na hakuacha kutusimulia. Huko, alisema, kuna reli zenye meno katikati na injini ina gurudumu la meno la kuyauma, kwa hiyo treni inapanda genge kama mtu anayepanda ngazi. "Nyinyi hapa hamna meno," alituambia siku ya mafunzo pale Nanyuki. "Mna mchanga na mna mtu wa breki. Basi. Kupanda ni kazi ya injini. Kusimama mahali pa kupanda, hiyo ni kazi ya mtu."

Alitufundisha breki mpaka nikaziota. Breki za treni zetu zilitumia kunyonya hewa. Injini ilinyonya hewa kutoka kwenye bomba refu lililopita chini ya mabehewa yote. Hewa ikitoka, breki zinaachia. Hewa ikiingia, zinabana. Ndiyo maana kila behewa lilikuwa na mnyororo wa hatari: abiria akiuvuta, hewa inaingia bombani na treni nzima inasimama. Lakini kubana huko hakudumu. Mipira ya breki ilikuwa mikuukuu na ilivuja, kwa hiyo treni ikikaa muda kwenye mwinuko ilianza kulegea polepole bila mtu kujua. Hapo ndipo unapohitajika usukani wa mkono, pamoja na kabari, yaani vipande vizito vya mbao unavyovisukuma nyuma ya magurudumu ili yasirudi. Mkaguzi alisema treni inayorudi nyuma kutoka Karatina haitasimama mpaka mtoni, na aliyasema hayo bila kucheka.

Basi nikaifanya kazi hiyo vizuri, nasema hivyo bila kuona haya. Nilitaka kitu kimoja duniani: filimbi. Nilitaka siku moja mimi Membu, mtu wa Embu, nipulize filimbi Sagana na treni ya mlimani iondoke kwa pumzi yangu. Gadi Mkuu alilijua hilo, na akinikasirikia alikuwa akiitoa filimbi yake mfukoni, anaifuta kwa leso taratibu mbele yangu, kisha anairudisha.

Halafu Hali ya Hatari ikatangazwa.

Wanaosoma habari hizi leo hawawezi kujua jinsi mambo yalivyobadilika ghafla. Mgikuyu, Membu na Mmeru tuliwekwa kapu moja. Huwezi kutoka kwenu bila pasi, huwezi kulala popote bila kuulizwa. Kwenye reli wenzangu waliondolewa mmoja mmoja, wengine wakapelekwa kambini kufungwa na wengine wakarudishwa makwao. Kila treni ya mlimani ilipewa askari na afisa wao. Kisha ikaja amri kwamba kuanzia Sagana, madirisha yote ya daraja la tatu upande wa mlima yafungwe kwa vifuniko vya mbao, eti watu wasitoe ishara kwa wapiganaji wa uhuru walio msituni. Daraja la kwanza waliendelea kutazama. Watu wa mlima wenyewe walipanda gizani.

Msimamizi wa Treni wa Wilaya aliniita ofisini kwake. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu.

"Ireri, wewe ndiye Membu pekee niliyebaki naye kwenye breki," alisema. "Nimekuombea mimi mwenyewe. Unajua maana yake?"

"Ndiyo, bwana."

"Maana yake ni kwamba ukifanya kosa, hata neno moja tu, utakwenda kambini, na mimi sitaweza kukutoa. Usizungumze lugha ya kwenu ndani ya treni. Ukiulizwa, wewe ni mtu wa reli. Umenielewa?"

Nilielewa. Nyumbani nilikuwa na mama mjane na wadogo zangu waliokula kwa mshahara huo. Basi nikawa mtu wa reli. Nilipita katikati ya watu wangu kwenye mabehewa, wakinisalimu kwa lugha yetu, nami nikajibu kwa Kiswahili bila kuwatazama usoni. Wengine walitema mate. Iliniuma sana.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya manyunyu, mchana. Nyuma ya mabehewa ya kawaida, jirani na behewa letu, tulifungiwa behewa moja la familia za Kimeru. Walikuwa vibarua wa mashamba ya walowezi huko Bonde la Ufa, wamefukuzwa kwa sababu ya kabila lao, wanarudishwa kwao kupitia Nanyuki. Walikuwa na vyungu, kuku, magunia, na nyuso za watu waliochoka kuuliza maswali. Tuliposimama Sagana, mwanamke mmoja mzee aliniita kutoka mlangoni. Baadaye nilijua anaitwa Mukwanjeru.

"Wewe mtoto wa Embu," alisema kwa Kimeru. Sijui alijuaje. "Mke wa mwanangu, Karimi, siku zake zimefika. Gari hili linatikisa sana."

Nilijibu kwa Kiswahili kwamba tutafika Nanyuki jioni, mama, vumilia. Alirudi ndani. Nikafunga vifuniko vya madirisha yao kama nilivyoamriwa.

Tulianza kupanda. Reli ilikuwa imelowa na injini ilikuwa ikihema, dereva anamwaga mchanga mbele ya magurudumu ili yashike. Tulikuwa kwenye mwinuko mkali kuliko yote chini ya Karatina, mwendo umekuwa wa mtu anayetembea, niliposikia vigelegele kutoka behewa la jirani.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa kwetu haelezwi. Kwetu sisi tunaouzunguka mlima, mtoto akizaliwa wanawake hupiga vigelegele, na havipigwi ovyo. Vina hesabu. Vya mvulana ni vingi kuliko vya msichana, na aliye ng'ambo ya bonde akisikia tu anajua ni nani amezaliwa, hahitaji kuuliza. Mimi pale kwenye breki nilisikia kimoja, cha pili, cha tatu, na moyo wangu ukafurahi bila ruhusa ya mtu.

Lakini askari waliokuwa behewa la mbele yao hawakuwa watu wa mlima. Afisa wao alikuwa kijana wa Kizungu mwenye masharubu machanga, aliyefika nchini juzi. Wao walisikia sauti kali za wanawake kutoka ndani ya behewa lililofungwa, katikati ya mashamba na mabonde, treni ikienda polepole. Wakaamua ni ishara ya kuita watu wa msituni. Afisa akauvuta mnyororo.

Treni ilisimama kwa kishindo, na vigelegele vikakatika.

Mikono yangu iliufikia usukani kabla akili haijafika. Nilizungusha mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Gadi Mkuu alikuwa tayari ameruka chini. "Kabari! Kabari, Breki!" alipiga kelele. Niliruka na kabari mikononi, nikazipiga nyuma ya magurudumu ya behewa letu, kisha ya behewa la Wameru. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kokoto zenye maji niliposikia bunduki zikikokiwa juu ya kichwa changu.

"Toka yote! Mikono juu!" afisa alikuwa akisema. "Nani napiga kelele? Nani naita?"

Mlango ulifunguliwa. Watu walianza kushuka kwenye mvua, watoto wakilia. Mukwanjeru hakushuka. Alisimama mlangoni, mikono yake ina damu ya uzazi, akawatazama askari wale wote na bunduki zao. Kisha akafungua kinywa na kuendelea na vigelegele.

Askari waliinua bunduki. Sauti ya afisa ilipanda: "Nyamaza! Mimi napiga risasi!" Yule mama akapiga kingine. Nami nilijua sababu yake, na katika kundi lile lote lililoshika silaha hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Mtoto alikuwa mvulana. Treni ilikatiza vigelegele pale pale ambapo vya msichana vinaishia. Kama angenyamaza hapo, mjukuu wake angekuwa ametangazwa msichana mbele ya mlima wake, na mama huyo hakuwa na nia ya kulikubali hilo kwa sababu ya kijana mwenye masharubu.

Nilimtazama Gadi Mkuu. Kuuacha usukani bila mtu ilikuwa kosa la kufukuzwa. Kusema nilichotaka kusema ilikuwa kambi. Mgoa yule aliyenipiga kofi siku ya kwanza aliniangalia, akamwangalia mama mlangoni, akaelewa kitu. "Mimi nashika breki," alisema. "Wewe kwenda. Kwenda upesi!"

Nilikwenda mpaka mbele ya afisa na mikono juu.

"Bwana, ni mtoto amezaliwa," nilisema. "Si ishara. Hizo ni furaha za kuzaliwa."

"Uwongo. Kwa nini narudia tena? Mimi nasema nyamaza, yeye narudia!"

"Hajamaliza, bwana. Mtoto ni mvulana. Vya mvulana ni vingi zaidi. Vimebaki viwili."

Afisa alinikazia macho. "Wewe najua aje?"

Hapo ndipo nilipofika mwisho wa kuwa mtu wa reli. Nilikuwa na maneno mengine ya kusema. Ningeweza kusema nimesikia kwa watu, nimeambiwa sokoni. Watu wa behewa lile walikuwa wote wananitazama, wale niliowajibu kwa Kiswahili tangu Sagana.

"Kwa sababu ni watu wangu," nilisema. "Mimi ni Membu. Hata mimi nilipigiwa hivyo hivyo. Kama nimedanganya, nichukue mimi, waache wao."

Nikageuka, nikamwambia Mukwanjeru kwa Kiembu, nikimwita bibi, kwa sauti ya juu ili wote wasikie, "Cucu, huyu anauliza ni nini."

Alijibu bila kushusha kidevu. "Mwambie huyo kijana kwamba mtoto hatangazwi nusu. Na mwambie mvua inamnyeshea mzazi kwa mlango huu wazi."

Nikamtafsiria yote, pamoja na mvua. Ndipo kitoto kikalia mle ndani, kilio kile cha kukwaruza ambacho hakuna askari wa nchi yoyote asiyekijua. Uso wa afisa ulibadilika rangi. Alipanda ngazi za behewa mwenyewe, akakuta giza, akaamuru askari wafungue vifuniko vyote vya madirisha ili aone. Vilifunguliwa. Alimwona Karimi amelala juu ya magunia na mtoto kifuani. Akavua kofia.

"Ngapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Nabaki ngapi?"

"Viwili, bwana."

"Basi maliza."

Mukwanjeru akamaliza. Wanawake waliokuwa wamesimama kwenye mvua mikono juu waliitikia pamoja naye, na nawaambia, hata Kalasinga aliyeendesha injini kule mbele alisema alisikia.

Lakini treni ilikuwa bado imesimama pale, na watu husahau sehemu hii wanaponisimulia mimi habari yangu. Breki za hewa zilikuwa zimeanza kuvuja. Watu walipanda tena, na nilipoushika usukani nilihisi chuma kinalia. Kuondoa treni iliyosimama kwenye mwinuko uliolowa ni kazi ya watu wawili wasioonana. Dereva anapiga honi na kuanza kuvuta. Mtu wa breki anasikiliza kulabu za mabehewa zikinyooka moja baada ya nyingine, kuja nyuma, kuja nyuma, mpaka anapohisi behewa lake linavutwa. Ukiachia mapema, uzito wote unarudi na kabari zinapasuka. Ukichelewa, magurudumu ya injini yanateleza au kulabu inakatika. Gadi Mkuu alipuliza filimbi, honi ikalia. Nilisubiri. Nilihisi ule mvuto mdogo chini ya nyayo, nikafungua usukani kidogo, nikasubiri, nikafungua tena. Tuliondoka bila mtikiso wa kumwaga hata kikombe cha chai cha daraja la kwanza. Kabari zilibaki nyuma kwenye reli, na Gadi Mkuu alizililia mpaka Nanyuki kwa sababu zilikuwa mali ya reli.

Hakuna aliyefunga tena yale madirisha. Afisa hakusema, na mimi sikumkumbusha. Baada ya Kiganjo mvua ilikatika na mlima ukatokea wote, na familia zile ambazo zilifukuzwa usiku zikiwa na kuku na vyungu zikasafiri mpaka Nanyuki zikiutazama kama wenye kamera. Mukwanjeru alikaa dirishani na mtoto. Nilipita mara nyingi kuliko kazi ilivyonihitaji, na kila nilipopita nilisalimu kwa lugha yetu.

Baada ya siku chache Msimamizi wa Treni wa Wilaya aliniita. Nilimuaga mama yangu kabla ya kwenda, nikavaa nguo nzito, tayari kwa baridi ya kambini.

"Nilikwambia usizungumze lugha yenu ndani ya treni," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Ulikuwa ndani ya treni?"

Nilifikiri. "Nilikuwa chini, kwenye kokoto, bwana."

"Afisa yule alikuja hapa mwenyewe," alisema. "Anasema bila wewe angefyatua risasi, na kwamba sasa halali vizuri. Nani alikuwa kwenye breki ulipoiacha?"

"Gadi Mkuu, bwana. Na kabari zilikuwa mahali pake."

"Basi rudi kazini. Na hizo kabari mkazitafute."

Sikupewa nishani wala nyongeza. Nyumba za wafanyakazi tulizoahidiwa hazikujengwa. Lakini Hali ya Hatari ilipoanza kulegea nilifanya mtihani wa ugadi, nikafaulu, na Gadi Mkuu alipostaafu kwenda kwao alinipa filimbi yake akiwa ameifuta kwa leso. Asubuhi ya kwanza niliipuliza Sagana kwa nguvu zote, na stesheni masta alitoka nje kuuliza kama kuna ajali. Nilifanya kazi kwenye njia ile hadi nilipostaafu, nikarudi Kibugu kupanda majani chai. Mikono yangu sasa haiwezi kuzungusha hata kifuniko cha chupa, lakini ilikuwa mikono.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu Wawira, anayesoma chuo kikuu huko Nchiru, alikuja likizo na maswali mengi. Wamefundishwa historia ya Hali ya Hatari, na alikuwa amenipigia hesabu ya miaka.

"Lakini Guka," alisema, akiniita babu kwa lugha yetu, "wakati watu walikuwa forest, wewe si ulikuwa unavaa uniform ya wakoloni? Si hiyo ni kuwafanyia kazi?"

Mama yake alitaka kumnyamazisha. Nilimkataza, kwa sababu swali hilo nilijiuliza mwenyewe kila siku mle ndani ya behewa, na ninaona fahari kwamba ninaweza kulijibu.

"Niliivaa," nilimwambia. "Treni haikuwa yangu, wala bunduki hazikuwa zangu, na yunifomu ilinipwaya. Lakini waliokuwa ndani walikuwa watu wako, na mkono uliowashikilia kwenye ule mwinuko ulikuwa wangu. Siku ile walinikabidhi pale Sagana behewa zima la watu niwapandishe mlimani. Niliwafikisha Nanyuki wote, na mmoja zaidi."